Simba wa Tunduru kwenye kibao cha futi mbili

Ukimtamkia mtoto wa Dar es Salaam neno "tingatinga", kitakachomjia kichwani kwanza ni mashine. Lile dude la njano linalong'oa visiki na kubomoa nyumba zilizojengwa kwenye hifadhi ya barabara. Magazeti yetu yalimpachika jina hilo hilo John Magufuli kwa namna alivyokuwa akisukuma mambo. Lakini mgeni anayeshuka pale Morogoro Stores, Oysterbay, na kuuliza "tingatinga" hana habari na mashine wala siasa. Anatafuta picha. Anamtaka twiga aliyejikunja ili aenee kwenye fremu, chui mwenye macho makubwa kama sahani, ndege wawili waliokabiliana juu ya tawi jekundu.

Kati ya mashine na picha yupo mtu, na ni wachache wanaomkumbuka. Aliitwa Edward Saidi Tingatinga. Hilo lilikuwa jina lake halisi, la ukoo, si jina la kisanii. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi, akaanza kuchora mwaka 1968, akafa mwaka 1972. Piga hesabu: alichora kwa miaka 4 tu. Ndani ya miaka hiyo 4 alianzisha kitu ambacho leo kinalisha mamia ya familia, kimebeba jina lake hadi Japani na Ulaya, na bado wasomi wetu wengi wanakipita kama wanavyopita vibanda vya minyororo ya funguo uwanja wa ndege. "Vitu vya watalii," wanasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nadhani mazungumzo yanaanzia hapo. Kwenye hii picha ya simba anayecheka kuna historia ya kazi, ya ardhi, ya wanyama na ya swali ambalo sisi wapenzi wa fasihi tunapaswa kulijua kuliko mtu yeyote: mtindo ukishakuwa wa watu wengi, ni wa nani?

Tuanze na safari yake. Miaka ya 1950 kijana wa kusini aliyekosa fedha alikuwa na njia chache. Njia kubwa ilikuwa kwenda kuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Edward Saidi alipita njia hiyo, akafika Tanga, kisha akateremka Dar es Salaam kutafuta maisha. Mjini alifanya kazi walizofanya vijana wengi wa aina yake: kazi za majumbani kwa wazungu, bustani, na vibarua vya hapa na pale. Hakwenda chuo cha sanaa wala hakuwa na mwalimu wa uchoraji. Alifika umri wa miaka 36 bila mtu yeyote kumwita msanii.

Halafu, mwaka 1968, akaanza kuchora. Kumbuka mwaka wenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Nchi inazungumza kujitegemea, na kwenye hotuba sanaa ya taifa inatajwa kwa heshima kubwa. Huku mtaani, mtu aliyezoea kibarua anachukua vitu viwili ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya sanaa hata kidogo: hadibodi na rangi ya baiskeli.

Hapa naomba msomaji usiharakishe, kwa sababu mtindo mzima umejificha kwenye vitu hivi viwili.

Hadibodi ni ule ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizogandamizwa, ambao mafundi walipigia dari. Karatasi moja ya kawaida ina futi 4 kwa futi 8. Ukiikata kwa futi 2 kila upande unapata vipande 8 sawasawa, bila kutupa hata kipande. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo za Tingatinga ni za mraba, sentimita kama 60 kwa 60. Tunaweza kukaa tukaandika insha ndefu kuhusu maana ya mraba kwenye sanaa yake, lakini ukweli ni kwamba mraba ulitoka kwenye hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza hela ya ubao.

Mraba huo ukamlazimisha mnyama. Twiga ni mrefu, haingii kwenye mraba bila kukunja shingo. Tembo ni mpana, anajaza kila kitu hadi kona. Nyati anabaki na pembe zinazogusa ukingo. Mchoraji hakumpunguza mnyama ili atoshee na mazingira yake. Aliyafuta mazingira, akamwacha mnyama peke yake, mkubwa, amejaa, anakutazama. Katika kazi zake nyingi hakuna mlima, hakuna upeo wa macho, hakuna kivuli. Kuna mnyama, na nyuma yake rangi moja au mbili zilizolala tambarare kama ukuta uliopakwa jana.

Rangi nayo ilitoa masharti yake. Rangi ya baiskeli ni rangi ya mafuta ya dukani, nzito, inayong'aa, ya kuzuia kutu. Haikutengenezwa kuchanganywa taratibu ili upate kijivu kati ya vivuli viwili. Ukiipaka juu ya rangi ambayo haijakauka, zinavurugana. Kwa hiyo unapaka ya nyuma kwanza, unasubiri. Unapaka mwili wa mnyama, unasubiri. Ndipo unakuja na madoa, mistari, kucha, jicho. Kila hatua ina mpaka mkali. Wanaosema michoro hii haina kina kwa sababu mchoraji hakujua kutia kivuli, wajaribu kutia kivuli na rangi ya baiskeli halafu watuletee majibu.

Kwa hiyo ule mng'ao, ile mipaka mikali, ule mraba, zile nukta, vyote tunavyoviita "mtindo wa tingatinga" vilizaliwa na mtu aliyekubaliana na vitu alivyokuwa navyo. Ubunifu wa aina hii tunao kila mahali. Fundi anayetengeneza kibatari kwa kopo la maziwa na mama anayesuka mkeka kwa rangi tatu kwa sababu ndizo alizozipata wanafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba wa kwao hatujauandikia historia.

Lakini kwa nini wanyama?

Jibu la haraka ni soko. Wanunuzi wa kwanza walikuwa wageni waliokaa Oysterbay na Msasani, waliokwenda kununua mahitaji Morogoro Stores. Picha zilipangwa nje, na mkewe Edward, Agatha Mataka, anatajwa kuwa ndiye aliyekaa hapo akiuza. Mgeni aliyekuja Tanzania na ndoto za Serengeti angependa simba ukutani kuliko picha ya foleni ya unga. Hilo ni kweli na halina aibu. Shaaban Robert naye alitaka vitabu vyake vinunuliwe.

Ila jibu hilo halitoshi ukikumbuka mchoraji alitoka wapi. Tunduru ni nchi ya wanyama kwelikweli. Kaskazini yake limelala lile pori kubwa ambalo Waingereza walilitangaza kuwa hifadhi ya Selous mwaka 1922, wakalipa jina la Frederick Selous, mwindaji na mwandishi aliyeuawa humo mwaka 1917 akipigana na Wajerumani. Miaka ya 1940, Edward akiwa mtoto, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa upande wa Liwale kutoka kwenye vijiji vyao na hifadhi ikapanuka. Sababu zilizotolewa zilikuwa malale na tembo. Watu wakaondoka, wanyama wakabaki. Na yule mwindaji wa asili, aliyekuwa akiheshimiwa kijijini kwa kujua nyayo na upepo, taratibu akageuka jina: akaitwa jangili.

Kule kusini simba hakuwa nembo ya kitu chochote. Katika miaka ya 1980, zaidi ya mwongo mmoja baada ya Edward kufa, simba wa Tunduru waliua watu wengi hadi habari zao zikaandikwa nje ya nchi. Mkulima wa Tunduru anayelinda mahindi yake usiku dhidi ya nguruwe pori anamjua mnyama kwa njia ambayo mwenye kamera ya safari hawezi kuijua. Anajua ukubwa wake gizani. Anajua kwamba unapokutana naye uso kwa uso huoni mlima nyuma yake wala machweo. Unamwona yeye tu, amejaza dunia yote.

Sasa rudi uangalie kile kibao cha futi 2. Mnyama mmoja, mkubwa kuliko fremu, hakuna kitu kingine, macho yamekukazia. Wengi tumeambiwa huo ni mtazamo wa kitoto. Mimi naona ni mtazamo wa mtu aliyelelewa mahali ambapo simba anaweza kukusimamia mbele ya mlango. Lile tabasamu la kuchekesha tunaloliona mdomoni ni meno. Mgeni alinunua mapambo. Sioni sababu ya kuamini kwamba mchoraji naye alichora mapambo tu.

Kuna kejeli nyingine hapa. Kabla tu ya uhuru, mwezi Septemba 1961, Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha la kuahidi kwamba Tanganyika itawalinda wanyamapori. Tangu hapo mnyama akawa mali ya taifa, chanzo cha fedha za kigeni, sababu ya barabara na viwanja vya ndege. Mwananchi wa kawaida hakuwa na njia rahisi ya kushika sehemu ya fedha hizo. Hakuwa na gari la safari wala hoteli, na bunduki alikuwa amekwisha kunyang'anywa. Edward Saidi na wenzake waligundua njia isiyohitaji leseni: kumchora. Kwa kopo la rangi na kipande cha dari, mtu wa Tunduru alimrudisha mnyama mikononi mwake, akamuuza, na mnyama hakufa.

Sasa mtindo wenyewe aliutoa wapi? Hapa wanaobishana ni wengi. Wapo wanaosema alivutiwa na picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mitaani Dar, akaona kwamba hata yeye anaweza. Hoja hii ina uzito. Kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946, na wanafunzi wake, kina Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, walichora samaki, ndege, nyoka na wanyama wa porini kwa nukta na mistari midogo inayojaza picha yote. Ukiweka ndege wa Pilipili karibu na ndege wa tingatinga wa miaka ya baadaye, utaona ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti. Na tusisahau kwamba Lubumbashi ni mji unaozungumza Kiswahili. Hadithi ya sanaa yetu haikomei Kigoma.

Wapo wanaosema mizizi iko kusini, kwenye kuta za nyumba za udongo na kwenye michoro ya jando na unyago. Hoja hii pia si ya kupuuza. Mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji havijapoa, Mjerumani Karl Weule alipita maeneo ya Lindi, Masasi na Newala kwa utafiti. Aliwapa wenyeji karatasi na penseli wachore wanachotaka, na akarudi kwao Leipzig na michoro hiyo. Maana yake, zaidi ya miaka 60 kabla ya kopo la kwanza la rangi ya baiskeli, watu wa kusini waliopewa kifaa wasichokizoea walichora bila kusitasita.

Na wapo wanaomtazama kupitia Wamakonde. Miaka hiyo hiyo Dar ilikuwa imejaa wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mpingo wao. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alivunjika mkono wa kinyago alichokuwa akichonga, na badala ya kukitupa akakimalizia kuwa kiumbe cha ajabu. Mnunuzi akakipenda, na huo ukawa mwanzo wa vinyago vya mashetani. Hadithi hiyo inafanana na ya Edward: mtu wa kusini, mjini, soko la wageni, kitu kilichokataa kutii, na uamuzi wa kuendelea nacho kilivyo.

Sioni haja ya kuchagua hoja moja na kuua nyingine. Mtu anaweza kutoka kusini na kumbukumbu za kuta, akakutana na Wakongo barabarani, akawaona Wamakonde wakipata hela, halafu akafanya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekifanya. Hakuna mtunzi anayeanza na ukurasa mtupu kichwani.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Edward Saidi Tingatinga, akafa. Walimdhania mhalifu. Alikuwa na miaka 40.

Nimeandika sentensi hizo fupi kwa makusudi, kwa sababu kila ninaposoma makala za watalii kuhusu tingatinga, kifo hiki kinatajwa haraka haraka kama jambo la kusisimua, kisha tunarudi kwa twiga. Wakati ule hakuwa mtu wa kusahaulika. Picha zake zilikuwa zinanunuliwa, alikuwa na wanafunzi, alikuwa ameanza kuona matunda. Angeishi hadi miaka 70 angetuachia miaka 30 zaidi ya kazi. Hatujui simba wake wa mwaka 1985 angekuwaje, au kama angechoka na wanyama na kuanza kuchora watu. Tunachojua ni kwamba mtu aliyeipa nchi moja ya alama zake zinazojulikana zaidi duniani aliuawa na wenye kulinda nchi hiyo hiyo, kwa kudhaniwa tu.

Mtindo ungeweza kufa naye. Haukufa, na sababu ni namna alivyokuwa akifundisha. Hakuwa na shule wala ada. Aliwaita ndugu na jamaa wa kutoka kwao: wakaketi naye, wakatazama, wakasaidia kupaka rangi ya nyuma, kisha wakapewa kibao chao. Wanaotajwa miongoni mwa wa mwanzo ni January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Abdallah Ajaba, Omari Amonde na Simon Mpata. Baada ya msiba waliendelea pale pale, nao wakaita wadogo zao. Mwaka 1990 kukawa na chama rasmi cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga, bado palepale Morogoro Stores. Simon Mpata alikwenda Kenya, na hadi leo iko hoteli Maasai Mara yenye jina lake.

Mkondo huo wa undugu ndio ulioubadilisha mtindo. Wanafunzi hawakubaki na mnyama mmoja. Soko lilipokua, picha zikajaa: wanyama ishirini kwenye kitambaa kimoja, wamefungamana kama fumbo. Mlima Kilimanjaro ukaingia na theluji yake. Zikaja picha za vijiji, za soko la samaki, za hospitali na mganga wa kienyeji, za daladala lililopasuka kwa watu. Hadibodi ikaachiwa nafasi kitambaa, kwa sababu mgeni hawezi kukunja dari akaitia kwenye begi. Anayesema tingatinga haijabadilika tangu 1968 hajaweka picha mbili mezani akazilinganisha.

Hapa ndipo tunafika kwenye shitaka kubwa. Wanasema: ni kuiga tu. Mtu mmoja alibuni, mamia wanarudufu. Picha ya chui uliyoiona Oysterbay utaiona Zanzibar, Arusha na Nairobi. Hiyo ni sanaa kweli, au ni kiwanda?

Ningependa wapenzi wa ushairi wajibu swali hili kabla ya wanunuzi wa picha. Sisi tumelelewa kwenye utamaduni ambamo umbo ni mali ya wote. Hakuna aliyewahi kumshitaki mtunzi kwa kutumia mizani 8 kwa 8. Hakuna aliyesema Muyaka bin Haji wa Mombasa alimaliza kila kitu karne ya 19, kwa hiyo wote waliotunga mashairi ya beti za mistari minne baada yake ni warudufu. Tunajua bahari ni ya umma, na kipimo cha malenga ni anachofanya ndani yake. Kina cha kati kimekaa wapi? Kibwagizo kimeongeza nini? Tunakaa kibarazani kusikiliza watu kumi wakijibizana kwa umbo moja, na hakuna anayechoka, kwa sababu sikio letu limefundishwa kusikia tofauti.

Jicho letu halijafundishwa hivyo. Ndiyo maana tukiona chui kumi tunasema "wote sawa". Si sawa. Yuko mchoraji anayeweka madoa ya chui kama mawe yaliyopangwa, na yuko anayeyatiririsha kama mvua. Yuko anayechora jicho mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukauka, na yuko anayechora jicho mapema na kujenga mnyama kulizunguka. Tingatinga, kwa maoni yangu, ni bahari ya uchoraji. Edward Saidi alituachia mizani na vina: mraba, rangi tambarare, mnyama aliyejaa, mng'ao. Waliofuata wanatunga ndani yake, wengine vizuri, wengine ovyo, kama washairi.

Lakini nisiwadanganye, ulinganisho huu una mahali unapokwama, na mahali hapo panauma. Watunzi wetu wa zamani walitaja majina yao mwishoni mwa utenzi, na wengine hata mwaka. Aliyesoma alijua nani kasema. Kwenye tingatinga jina la mwanzilishi limemeza majina ya wote. Mnunuzi anasema "nimenunua Tingatinga" wakati amenunua kazi ya mtu mwenye jina lake, ambaye ameliandika kwenye kona kwa herufi ndogo na hakuna anayelisoma. Mbaya zaidi, kwa kuwa vibao vya Edward mwenyewe vimekuwa adimu na vya thamani, wamejitokeza wajanja wa kuchora vibao "vya zamani" na kuvitia sahihi yake. Mshairi anaweza kumwiga malenga umbo, lakini akitia jina la malenga kwenye shairi lake huo ni wizi, na jamii ya washairi ingemwaibisha.

Sheria nayo haisaidii sana. Hakimiliki inalinda kazi, hailindi mtindo. Hakuna mahakama itakayomzuia mtu wa nchi yoyote kuchora twiga kwa rangi za kung'aa na kuziita za Kiafrika. Hata kwa kazi zenyewe, Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, unaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Ukianzia 1972, miaka hiyo iliisha 2022. Mwaka 2010 televisheni za Uingereza zilianza kuonyesha katuni za watoto zilizoitwa Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo huu, zikieleza kwa nini tembo ana mkonga na mambo kama hayo. Watoto wa nchi nyingi wameziona. Wangapi kati yao, au kati ya wazazi wao, waliwahi kusikia kwamba Tinga Tinga ni mtu?

Sisemi picha zifungiwe kabatini zisiguswe. Mtindo huu ulizaliwa sokoni, na sokoni ndiko umepona. Ninachosema ni kwamba soko linauza jina bila mtu, na kazi ya kumrudisha mtu ni yetu sisi tunaoandika na kusoma. Tunao wanafunzi wa fasihi wanaoandika tasnifu juu ya tungo ambazo hazijulikani ni za nani. Kwa nini hatuna tasnifu kadhaa za Kiswahili juu ya ukoo wa wachoraji hawa: nani alimfundisha nani, nani alileta mlima kwenye picha, nani wa kwanza alichora hospitali, nani aliacha mraba na kwa nini? Wengi wa kizazi cha kwanza wamekwisha kufa. Waliofundishwa na waliofundishwa na Edward bado wapo, wanafanya kazi mchana kweupe, na wanakumbuka.

Na kama huna mpango wa tasnifu, liko jambo dogo unaloweza kulifanya Jumamosi yoyote ukiwa Dar. Nenda pale Morogoro Stores. Usianze na bei. Chagua picha moja, isogelee hadi uone ncha ya brashi ilipopita, angalia rangi ipi ilikauka kwanza. Kisha soma jina lililo kwenye kona, muulize mwenyewe kama yupo, na umuulize na jina la aliyemfundisha, na la aliyemfundisha huyo. Mara nyingi hutahitaji kuuliza zaidi ya mara tatu au nne kabla ya kufika Tunduru.